Koroboi ya Bibi na Wekundu Uliopotea

Koroboi ya bibi ilikuwa na rangi bora kuliko taa nyingi za LED zinazouzwa hapa Dodoma leo. Najua mtacheka. Ngojeni kwanza.

Mwanga wa moto unatoka kwenye chembe za masizi zilizopata joto kali, na kitu chochote kinachowaka kwa joto hutoa rangi zote mfululizo, toka nyekundu hadi bluu. Jopo la kimataifa la mwanga, CIE, lenye makao Vienna, lilipopanga miaka ya 1960 namna ya kuzipima taa, lilichukua mwanga wa aina hiyo kuwa kipimo. Alama ya juu ni 100. Ndicho kile kinachoandikwa CRI kwenye maboksi. Koroboi iko karibu kabisa na 100! Tatizo lake lilikuwa mwanga hafifu, moshi, na bluu kidogo mno, kiasi kwamba kutofautisha shuka la buluu na jeusi ilikuwa kazi.

Tuje kwenye historia. Reli ya Wajerumani ilifika Dodoma mwaka 1910, na ni miaka hiyohiyo karabai za Petromax zilipoanza kutengenezwa Berlin. Umeme ukaanza kuenea wakati wa Mwingereza: kampuni ya DARESCO, iliyoanza 1931, ilifunga majenereta Dar es Salaam, Dodoma, Tabora na Kigoma. Walioupata walikuwa wachache. Mwaka 1973 tukaamua mji huu uwe makao makuu, 1975 Kidatu ikaanza kuzalisha, na 1988 mitambo ya Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa. Muda wote huo taa ya nyumbani ilikuwa glopu ya waya, nayo inawaka kwa joto kama koroboi. Ilikula umeme vibaya sana (karibu wote uliishia kwenye joto), lakini nyama ilionekana nyama na kitenge kilionekana kitenge.

Kisha Mtera ikakauka. Wanaokumbuka mgawo wa 2006 hawahitaji kuhadithiwa, na sakata la Richmond lililozaliwa na mgawo ule lilimng'oa Waziri Mkuu Februari 2008, hapahapa Dodoma bungeni. Umeme ukawa kitu cha kubana. Glopu ya waya ikaanza kuonekana ufujaji, zikaingia enaji seva, halafu LED. Kwa upande wa bili sina ubishi, LED imeshinda.

Ila tazama inavyofanya kazi. Mjapani Shuji Nakamura alipata LED ya bluu yenye nguvu mwaka 1993, na 2014 yeye na wenzake wawili, Akasaki na Amano, wakapewa Nobeli ya fizikia. LED nyeupe ya nyumbani ni ile bluu iliyopakwa unga wa njano juu yake. Bluu na njano zikichanganyika, jicho linasema nyeupe. Nyekundu iko wapi? Ipo kidogo tu. Jicho letu haliioni vizuri nyekundu iliyokoza, kwa hiyo mtengenezaji anayetaka boksi liseme "mwanga mwingi, wati chache" anaanza kuokoa hapohapo.

Mtu atasema huu ni ulimbwende wa watu wa mjini. Sidhani. Mtoto akiishiwa damu, muuguzi hutazama kiganja na ndani ya kope kama pamepauka. Kule Kongwa, ambako utafiti wa trakoma umefanyika kwa miongo, anayepima hugeuza kope na kutafuta wekundu. Sasa mama wa Chamwino anayemtazama mwanawe saa nne usiku anatumia taa gani? Ile iliyopunguziwa nyekundu. Sijasema taa inaua mtu. Nasema inaficha rangi ileile anayoitafuta. Divai nyekundu ya zabibu zetu kuonekana kama chai ya jana ni kero ndogo ukilinganisha.

Mnaponunua, msichanganye mambo mawili. Namba yenye K (2700 ya njano, 6500 ya kibuluu) inasema mwanga una sura gani, haisemi ubora. Ubora ni CRI: 80 ni ya kawaida, 90 kwenda juu ndiyo ya kutafuta, na boksi likitaja R9, hiyo ndiyo alama ya nyekundu yenyewe. Kama boksi halisemi kitu, mwombe muuzaji aiwashe, weka nyanya na kiganja chako chini yake, kisha toka navyo juani ulinganishe.

Na kurekebisha? Kuifunika kwa kitambaa au kikapu cha ukili kunapunguza bluu na kupendeza macho, lakini hakuna kitambaa kinachoweza kuongeza nyekundu isiyokuwepo. Mafundi wanajua kutoa rezista moja ili umeme upungue. Taa inafifia, inapoa, inadumu. Dubai walitumia wazo la jamii hiyo kwenye taa walizoagiza Philips mwaka 2016: LED nyingi, kila moja ikisukumwa kidogo. Rangi haibadiliki sana. Ukitaka rangi, fundi abadilishe kibao chenyewe cha LED, aweke cha CRI 90 kinacholingana volti na mkondo na kile cha zamani. Na awe fundi kweli, maana taa nyingi za bei rahisi zina volti 230 moja kwa moja kwenye kile kibao. Kwa bei ya ufundi huo, mimi ningeanza na taa moja nzuri ya chumba anacholala mtoto, hizo nyingine zibaki kwenye korido.