Kibarua Kilivyoota Nyasi: Akina Dada wa Simu Walivyopisha Mashine

Siku hizi ukiingia mtandaoni habari ni ileile: roboti zinakuja, kazi zinaisha, kila mtu ajipange. Binti anayepokea simu za wateja anaambiwa kabisa kwamba muda si mrefu kiti chake kitakaliwa na kompyuta inayoongea kama mtu. Wengi wanadhani hili ni jambo jipya, halijawahi kumkuta binadamu tangu dunia iumbwe.

Limeshatokea, tena kwenye kazi hiyohiyo ya simu. Lilianzia Marekani zaidi ya miaka 100 iliyopita, na lililowakuta walikuwa wasichana wa rika la kumaliza shule. Wengi wao majina yao hayajaandikwa popote, ila yaliyowapata yanafundisha kuliko utabiri wote unaozunguka kwenye magrupu.

WALIANZA WAVULANA, MDOMO UKAWAPONZA

Simu ilipoanza kuuzwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1870, haikuwa na namba za kubonyeza. Waya wa kila mteja ulienda mpaka kwenye ofisi ya simu ya mji, ukaishia kwenye ubao mkubwa wenye matundu, yaani swichibodi. Ukinyanyua simu nyumbani, alama inaonekana kwenye ubao kule. Opereta anachomeka waya kwenye tundu lako, anakuuliza unamtaka nani, kisha anachomeka ncha ya pili kwenye tundu la huyo mtu na kumpigia kengele. Mkimaliza kuongea, anachomoa. Bila opereta, simu yako ilikuwa pambo la ukutani.

Kazi hiyo mwanzoni walipewa wavulana, wale waliozoea kutumwa kupeleka barua za telegrafu. Vijana wakageuza ofisi kijiwe. Walitukana wateja, walipigana, walichomeka waya kwenye matundu yasiyohusika ili wacheke. Mwaka 1878 kampuni ya simu ya Boston ikajaribu kumuajiri mwanamke. Wateja wakaipenda sauti yake na ustaarabu wake, na mabosi wakapenda jambo la pili ambalo hawakulisema kwa sauti kubwa: mwanamke alilipwa kidogo. Ndani ya miaka michache wavulana wakawa wameondolewa karibu wote.

KAZI YA HESHIMA, ILA MGONGO ULIKUWA UNAJUA

Kwa binti wa miaka ile, uopereta ulikuwa dili. Nje ya hapo alikuwa na kiwanda cha nguo, jikoni kwa tajiri au kufundisha shule. Kwenye simu unavaa vizuri, unakaa ofisini, unashika hela yako mwenyewe. Kufikia sensa ya 1920, Marekani ilikuwa na opereta wanawake zaidi ya 170,000.

Lakini masharti yalikuwa makali. Makampuni mengi yalitaka wasichana ambao hawajaolewa, na ukiolewa unaaga. Ilibidi mikono iwe mirefu ya kufika matundu ya juu na ya pembeni. Unakaa wima, hupigi stori na jirani, na nyuma yako msimamizi anapita akisikiliza unavyojibu. Maneno ya kumwambia mteja yalipangwa tayari, hakuna kuongeza lako. Mtu akiangalia vizuri ataona kwamba hawa akina dada walishaanza kufanywa mashine kabla mashine yenyewe haijaletwa.

Tena si kila binti aliruhusiwa kukalia kile kiti. Wamarekani weusi walifungiwa mlango na kampuni kubwa ya simu mpaka miaka ya 1940. Walipoanza kuingizwa, kazi yenyewe ilikuwa imeshaanza kuzeeka.

Kuonyesha jinsi walivyokuwa muhimu, mwaka 1918 jeshi la Marekani lililokuwa likipigana Ufaransa liliwaita opereta wanaojua Kifaransa na Kiingereza. Zaidi ya wasichana 200 walivuka bahari kwenda kuunganisha simu za makamanda, baadhi yao wakisikia mizinga kwa karibu. Waliporudi nyumbani waliambiwa hawakuwa wanajeshi, kwa hiyo hakuna mafao. Sheria ya kuwatambua ilikuja mwaka 1977. Wakati huo wengi walikuwa wameshalala makaburini.

MFANYABIASHARA WA MAZISHI ALIYECHOKA NA OPERETA

Sasa mashine ilitoka wapi? Haikutoka kwenye maabara ya maprofesa. Aliyeibuni alikuwa jamaa mmoja wa Kansas City aliyekuwa na biashara ya mazishi. Inasimuliwa kwamba mke wa mshindani wake alikuwa opereta wa mji, na wafiwa wakipiga simu kumtafuta jamaa, mama anawaunganisha kwa mumewe. Iwe kweli au chumvi imeongezwa, jamaa alikaa chini akabuni kifaa kinachounganisha simu bila kupitia mkono wa mtu. Hati ya ubunifu wake ilitoka mwaka 1891, na mwaka uliofuata mji wa La Porte, jimbo la Indiana, ukafunga mtambo wa kwanza wa aina hiyo.

Hapa ndipo wengi wangetegemea opereta waanze kulia. Haikuwa hivyo. Kwa karibu miaka 30 kampuni kubwa iliyoshika simu nyingi za Marekani iliendelea na akina dada, na idadi yao ikawa inapanda kila mwaka. Watu walikuwa wananunua simu kwa kasi, kila simu mpya inahitaji mkono wa kuiunganisha. Halafu opereta alifanya mengi kuliko kuchomeka waya. Mteja hajui namba, anamtajia jina tu. Moto umewaka, anamwambia yeye awaite wazima moto. Mashine ya wakati ule haikuwa na akili hiyo.

Kwa hiyo msichana aliyeanza kazi mwaka 1900 angeambiwa kuna mashine inayokuja kumtoa, angecheka. Na kwa upande wake angekuwa sahihi.

MWAKA 1919 MAMBO YAKAGEUKA

Kadri miji ilivyojaa simu, hesabu zikaanza kukataa. Mji mkubwa ulikuwa na ofisi nyingi za simu, hivyo simu moja ilipita kwa opereta zaidi ya mmoja mpaka imfikie mtu. Wateja wakiongezeka, kazi ya kuwaunganisha inaongezeka kwa kasi kuliko wao wenyewe.

Aprili 1919 opereta wa majimbo ya New England, Boston ikiwemo, waligoma kudai mshahara. Maelfu wakatoka nje, na kwa siku 6 simu zikawa kimya sehemu kubwa ya majimbo yale. Mafundi wa kiume wakawaunga mkono. Wasichana wakashinda, mshahara ukapanda.

Mwaka huohuo, mwezi Novemba, kampuni kubwa ilianza kufunga mitambo ya kuzungusha namba, mji wa kwanza ukiwa Norfolk, Virginia. Mpango huo ulikuwa umeshaiva kabla ya mgomo, kwa hiyo si haki kusema akina dada walijichimbia kaburi kwa kudai haki yao. Ila bosi aliyekuwa na mashaka na mashine, baada ya kuona ofisi tupu siku 6, mashaka yalipungua.

MASENETA WALALAMIKA WANAFANYISHWA KAZI

Kuna kichekesho kimoja cha mwaka 1930. Simu za kuzungusha zilifungwa kwenye ofisi za Seneti kule Washington, na seneta mmoja wa Virginia akapeleka azimio ziondolewe. Hoja yake ni kwamba sasa maseneta wanalazimishwa kufanya kazi ya opereta.

Watu walicheka, lakini mzee alikuwa ameona kitu. Mtambo haukufanya kazi yote ya yule binti. Sehemu moja ilichukuliwa na umeme, sehemu nyingine akaachiwa mteja: kutafuta namba kitabuni, kuikariri, kuizungusha mwenyewe, akikosea aanze upya. Na halipwi. Anayejaza fomu mwenyewe kwenye simu leo, au anayebonyeza moja, mbili, tatu mpaka salio la uvumilivu linaisha, yuko kwenye foleni ileile ya maseneta.

USIKU MMOJA TU

Kwa nchi nzima, mabadiliko yalichukua miaka 60 hivi. Kwa binti mmoja kwenye mji mmoja, yalichukua usiku mmoja.

Mtambo mpya ulifungwa polepole kwenye jengo lingine, ukajaribiwa, wateja wakafundishwa jinsi ya kuzungusha namba. Kisha ikapangwa saa, mara nyingi usiku wa manane siku za mwisho wa wiki, simu zikiwa chache. Ikitolewa ishara, mafundi wanakata mji kutoka kwenye swichibodi na kuuwasha kwenye mtambo. Ni suala la dakika. Taa za ubao zinazimika, na chumba kilichokuwa na kelele miaka yote kinanyamaza.

Baadhi walihamishiwa simu za mbali, ambazo bado zilihitaji opereta. Wateja walianza kujipigia wenyewe simu za mbali kwa mara ya kwanza mwaka 1951, tena kwenye mji mmoja wa New Jersey. Ndiyo maana mwaka 1950 nchi nzima bado ilikuwa na opereta zaidi ya 300,000. Ukiangalia namba hiyo pekee, utasema hakuna aliyeumia.

WALIENDA WAPI?

Wachumi wawili walifuatilia sensa za Marekani za 1910 mpaka 1940, mji kwa mji, kuona nini kilitokea baada ya mtambo kuwashwa. Walichokuta ni vitu viwili, na ukikichukua kimoja ukaacha kingine unadanganya.

Cha kwanza kinatia moyo. Nafasi za uopereta kwa wasichana wadogo zilianguka kwa zaidi ya nusu kwenye miji iliyohamia, lakini wasichana waliofikia umri wa kazi baada ya hapo hawakukaa bure. Walienda kuwa makatibu muhtasi, wengine wakaingia migahawani. Uchumi uliwapokea.

Cha pili kinauma. Wale waliokuwa wamekaa kwenye viti usiku ule, miaka kumi baadaye wengi walikuwa hawana kazi kabisa au wako kwenye kazi za mshahara mdogo zaidi. Mwenye umri mkubwa ndiye aliyepigika zaidi. Ujuzi wake wa miaka 15 kwenye swichibodi haukuwa na mnunuzi mwingine mjini.

Hata Tanzania, waliotumia simu za mezani zamani wanamkumbuka opereta. Unamtajia namba ya mbali, unakata, unasubiri akuite. Naye alipotea kimyakimya, na hakuna aliyeuliza alipata kazi gani baada ya pale. Watu walikuwa wanafurahia kupiga wenyewe.

Kwa hiyo anayesema roboti zitamaliza kazi zote, historia hii haimuungi mkono. Na anayesema msiogope, kazi mpya zitakuja, ana ukweli nusu. Kazi mpya zilikuja kweli, ila zilienda kwa wadogo zao. Swali la kumuuliza mwajiri anayeleta kompyuta ya kupokea simu si kama kutakuwa na ajira mwaka 2050. Ni hili: yule dada wa miaka 38 aliyeko zamu leo, mwenye watoto wawili na ada ya shule, siku ya kuhama umempangia aende wapi?

Mdau, kwenye kazi yako wewe, ni nani aliyekaa kwenye kile kiti? Na ameshaambiwa?