Mashine Inayojifanya Kongwe

Mteja akinunua seva mpya, haulizi kwanza kuhusu kasi. Anauliza kama programu yake ya hesabu itawaka. Mimi ni fundi wa seva hapa Dar es Salaam, na swali hilo ndilo linalonilisha. Limenizidi umri: watu wa IBM liliwatoa jasho kabla sijazaliwa.

Mwaka 1963 kompyuta iliyotia fora sokoni ilikuwa IBM 1401, iliyotangazwa 1959. Zilitengenezwa zaidi ya 10,000. Ilipiga hesabu tarakimu moja baada ya nyingine, kama karani na leja yake, na kampuni zilikuwa zimeiandikia programu za mishahara, ankara na stoo. Wakati huohuo IBM ilikuwa inaandaa familia mpya, System/360, ambayo kwa maumbile yake haikuelewa maagizo ya 1401. Aliyetaka mashine mpya angelazimika kuandika programu zake upya.

Desemba 1963 Honeywell ikatangaza modeli 200, yenye kasi kuliko 1401, pamoja na programu ya kugeuza kazi za 1401 ziendeshwe humo. Programu hiyo iliitwa Liberator. Wauzaji wa IBM wakashikwa na hofu: ikiwa mteja lazima ahame, nini kitamzuia kuhamia kwa mshindani? System/360 ilipotangazwa tarehe 7 Aprili 1964, modeli ya 30 ilikuwa na uwezo wa kujifanya 1401.

Siri yake ilikuwa maikrokodi, wazo alilolitoa Maurice Wilkes wa Cambridge, Uingereza, mwaka 1951. Kila agizo la prosesa huvunjwa kuwa hatua ndogondogo zilizohifadhiwa kwenye kumbukumbu ya pekee. Ukiongeza hatua za mashine nyingine, saketi zilezile zinatii maagizo ya mashine hiyo. Modeli 30 iliendesha programu za 1401 kwa kasi kuliko 1401 yenyewe. Wateja walifurahi, na wengi hawakuona haraka ya kuandika chochote upya. Kwa hiyo desturi hii ya mashine mpya kujifanya kongwe, inayosifiwa leo kama werevu wa wahandisi, ilisukumwa zaidi na idara ya mauzo.

Zamu ya mifumo endeshi ikafuata. Katika kituo cha IBM cha Cambridge nyingine, ya Massachusetts, timu ya Robert Creasy iliunda CP-40, iliyoanza kazi 1967: kompyuta moja ikagawanywa kuwa mashine pepe kadhaa, kila mfumo ukidhani uko peke yake. Mwaka 1972 IBM ikatoa VM/370, na mteja akaweza kuuacha mfumo wa zamani ukiendelea kando ya mpya mpaka kazi ya mwisho ihamishwe.

Prosesa za Intel tunazozijua ziligoma kufuata mtindo huo. Masharti ya mtindo huo yalikwisha kuandikwa na Gerald Popek na Robert Goldberg mwaka 1974: agizo lolote linalogusa udhibiti wa mashine, likitolewa na asiye na mamlaka, lazima lizue kengele ili msimamizi aingilie. Agizo la POPF la prosesa za Intel halikufanya hivyo. Mfumo mgeni, yaani ulio ndani ya mashine pepe, ukilitumia kuizuia prosesa isikatizwe kazi, prosesa ilipuuza tu, kimya. Kampuni ya VMware, iliyoanzishwa 1998, ilipita kwa kuyasoma maagizo ya mfumo mgeni na kuyabadilisha papo hapo kabla hayajatekelezwa. Intel iliweka dawa ndani ya prosesa mwaka 2005, na mshindani wake AMD mwaka 2006.

Kazi yangu imesimama juu ya hayo yote. Chukua Windows Server 2003. Ukiisimika moja kwa moja kwenye seva ya leo, haizijui diski, inatupa skrini ya buluu yenye namba 0x7B, na ukitaka kuipa draiva wakati wa kusimika inakuambia ubonyeze F6 uweke flopi. Seva ya leo ina flopi? Ndani ya mashine pepe inawaka bila kelele, kwa sababu Hyper-V, programu ya Microsoft ya kuendesha mashine pepe, inaionyesha ubao mama wa Intel 440BX wa mwaka 1998 na kadi ya mtandao ya DEC, kampuni iliyomezwa na Compaq mwaka huohuo. Prosesa ndiyo ya kweli. Vilivyoizunguka ni maigizo.

Lakini maigizo yanaokoa programu bila kumwokoa anayeijua. Karibu na mwaka 2000 kampuni zilisaka wazee waliostaafu ili wasahihishe tarehe ndani ya programu ambazo uigaji wa aina hii ulisaidia kuzirefushia maisha. Mimi nakutana na hali hiyohiyo kwa udogo: programu ya hesabu inafanya kazi, aliyeiandika hajulikani alipo, msimbo wake haupo, na marekebisho ya usalama ya mfumo wake, Windows Server 2003, yalikoma tarehe 14 Julai 2015.

Ndiyo maana siandiki tena "kuhamisha mfumo" kwenye ankara. Naandika "kuahirisha", naweka tarehe ambayo kazi ya kuandika programu mpya inapaswa kuanza, na nakata mashine hiyo isifike intaneti. Mteja hukunja uso kwenye hilo neno. Lakini ndicho anacholipia, na ndicho walicholipia wateja wa modeli 30.