Oili ya giaboksi ya mkono

Oili ya giaboksi ya mkono ni mafuta mazito yanayowekwa ndani ya giaboksi ya gari ambalo dereva hubadilisha gia mwenyewe kwa kutumia klachi. Kazi yake ni kulainisha meno ya gia, shafti na beringi, kupunguza joto na kuzuia kutu. Ni tofauti na oili ya injini, na pia ni tofauti na ile ya giaboksi ya otomatiki ambayo mafundi wa Tanzania huiita haidroliki.

Jijini Dar es Salaam oili hii inahusu zaidi magari ya zamani na magari ya kazi: Toyota Hiace za miaka iliyopita, pikapu, Land Rover, malori, na gari ndogo za mizigo aina ya Suzuki Carry zinazojulikana kwa jina la kirikuu, ambazo hupakia na kushusha mizigo kutwa nzima katika mitaa ya Kariakoo. Magari hayo hutembea muda mrefu kwa gia ya kwanza na ya pili, yakiwa na mzigo, ndani ya foleni na joto la pwani. Hata hivyo giaboksi nyingi hazina kijiti cha kupimia oili kama injini, wala taa ya onyo kwenye dashibodi. Ndiyo maana husahaulika kwa miaka, hadi gia zinapoanza kulia.

Inavyofanya kazi

Katika giaboksi nyingi za magari madogo hakuna pampu. Gia za chini hukaa zimezama ndani ya oili, na zinapozunguka huirusha juu ili ifike kila mahali. Kiwango kikishuka, vinavyokosa kwanza ni vile vilivyo juu au mbali. Katika baadhi ya giaboksi za magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele, gia ya tano imewekwa peke yake kwenye kifuniko cha mwisho, na mara nyingi ndiyo inayotangulia kuharibika.

Oili ya giaboksi haiungui kama ile ya injini. Ikipungua, basi imevuja: kwenye sili za shafti, kwenye gasketi, au kwenye nati iliyofungwa vibaya. Kuongeza oili bila kutafuta inapovujia ni kuahirisha tatizo.

Aina

Chombo cha oili huwa na alama mbili za kusoma. Ya kwanza ni ya uzito, kwa mfano SAE 75W-90 au 80W-90. Namba hizo hazilingani na namba za oili ya injini. Oili ya gia yenye namba 90 kwa uzito inakaribiana na oili ya injini yenye namba 40 au 50. Ya pili ni ya ubora wa kuhimili mgandamizo, yaani API GL-4 au GL-5.

Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Watu hudhani GL-5 ni bora kuliko GL-4 kwa kuwa namba yake ni kubwa. GL-5 ilikusudiwa hasa difu, ambako meno ya gia husuguana kwa nguvu sana, na ina viambato vingi zaidi vya salfa na fosforasi. Giaboksi nyingi za mkono zina pete za shaba ya manjano zinazosawazisha mwendo wa gia kabla meno hayajashikana. Pete hizo zinahitaji msuguano kidogo ili zishike, na baadhi ya viambato vya GL-5 huweza kuila shaba giaboksi inapopata joto. Matokeo hayaonekani siku hiyo hiyo. Gia huanza kukataa kuingia au kusaga baada ya miezi, na wakati huo hakuna anayeikumbuka oili. Yapo magari ambayo mtengenezaji ameruhusu aina zote mbili, kwa hiyo kitabu cha gari ndicho cha kufuatwa, si mazoea ya gereji.

Vilevile si kila giaboksi ya mkono hutumia oili ya gia. Peugeot 504, gari lililojulikana sana Afrika Mashariki, hutumia oili ya injini kwenye giaboksi yake. Land Rover 110 zenye giaboksi ya LT77 hutumia haidroliki ya otomatiki. Fundi anayemimina oili nzito ndani ya giaboksi hizo huzifanya gia ziwe ngumu, hasa asubuhi.

Magari yaliyoagizwa yakiwa yametumika kutoka Japani huja na kitabu cha Kijapani, au bila kitabu kabisa. Asiyejua lugha hiyo bado anaweza kunufaika, kwa kuwa alama kama 75W-90, GL-4 na ujazo kwa lita huchapishwa kwa tarakimu na herufi za Kilatini hata katika kitabu cha Kijapani.

Kupima kiwango

Gari liwe mahali tambarare, injini imezimwa na kupoa kiasi. Kosa la kawaida kwenye gereji za mtaani ni kuinua upande wa mbele tu kwa jeki kisha kupima. Giaboksi ikiinama, kiwango kinachoonekana si cha kweli. Shimo la gereji ni bora zaidi. Pasipo shimo, gari liinuliwe pande zote kwa usawa na likae juu ya stendi za chuma. Jeki peke yake haitoshi, na tofali la saruji hupasuka ghafla. Mtu asiingie chini ya gari lililotegemezwa hivyo.

Giaboksi huwa na matundu mawili: la kujazia, lililo ubavuni, na la kumwagia, lililo chini. Yamezibwa kwa boliti fupi nene ambazo mafundi huziita nati. Nati ya kujazia ikifunguliwa, oili inapaswa kufika kwenye ukingo wa chini wa tundu. Hupimwa kwa kuingiza ncha ya kidole na kukikunja kuelekea chini. Kidole kisipogusa oili, imepungua.

Kubadilisha

Sharti la kwanza ni kufungua nati ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia. Nati hizi hukaa miaka mingi bila kuguswa na huweza kushika kutu. Aliyekwisha kumwaga oili yote, kisha akashindwa kufungua sehemu ya kujazia, amebaki na gari lisiloweza kuondoka.

Oili humwagwa ikiwa na uvuguvugu ili itoke yote na uchafu wake. Nati nyingi za kumwagia zina sumaku: tope laini la kijivu juu yake ni la kawaida, lakini vipande vya chuma ni dalili ya jino au beringi iliyovunjika. Sumaku husafishwa, washa mpya huwekwa, na nati hukazwa bila kuvuka mpaka, maana kasha la giaboksi huwa la aluminiamu na nyuzi zake huchanika upesi. Oili mpya huingizwa kwa bomba la sindano, au kwa mpira mrefu na funeli kutoka juu kwenye boneti, hadi ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia. Kuzidisha nako kuna madhara: oili husukuma sili na inaweza kufika kwenye klachi, ikaanza kuteleza.

Oili iliyobadilika rangi kuwa kama chai ya maziwa imeingia maji. Jambo hili hutokea kwa magari yaliyopita kwenye mafuriko, kama yale yanayolikumba bonde la Mto Msimbazi eneo la Jangwani, kwenye Barabara ya Morogoro. Giaboksi yenye joto ikizama ghafla katika maji baridi, hewa ya ndani husinyaa na maji huvutwa kupitia kipumulio. Gari lililovuka maji ya kiwango hicho likaguliwe mapema, hata kama linatembea vizuri.

Ununuzi na oili chafu

Vipuri na oili huuzwa kwa wingi Kariakoo na Gerezani. Pamoja na vyombo vilivyofungwa huuzwa pia oili ya kupima kutoka kwenye pipa, ambayo mnunuzi hawezi kuthibitisha aina yake. Oili ya GL-4 au GL-5 kwa kawaida ina harufu kali ya salfa. Isiyo na harufu hiyo inatia shaka, ingawa harufu pekee si uthibitisho. Muhuri wa kifuniko na namba ya toleo vikaguliwe kabla ya kulipa. Malalamiko ya bidhaa bandia hupelekwa Tume ya Ushindani (FCC).

Oili iliyomwagwa hukusanywa ndani ya dumu. Watu wengi huinunua kwa ajili ya kupaka mbao dhidi ya mchwa. Ikimwagwa kwenye mtaro wa Kariakoo au Gerezani husafiri na maji ya mvua hadi baharini.