Mpindio: jina la kazi ya mzizi

Anayepanda maharage juu ya ntumba huko Ufipa hachagui punje iangalie wapi. Ntumba ni tuta la duara la udongo na nyasi zilizofukiwa zioze. Wafipa hulitengeneza mvua zikikaribia kwisha, na msimu unaofuata hulitawanya wapande ulezi. Humo punje huanguka chali, kifudifudi au kwa ubavu. Siku chache baadaye mizizi imeshuka na machipukizi yamepanda.

Wataalamu wa mimea huita jambo hilo tropizimu, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kugeuka. Sekondari zetu hufundisha biolojia kwa Kiingereza, hivyo mwanafunzi wa Sumbawanga hulikariri kama lilivyo. Akitaka kulieleza nyumbani, neno jepesi la kushika ni "mwelekeo". Mimi silipendi. Upepo una mwelekeo, bei ya mahindi ina mwelekeo, hata chama cha siasa kina mwelekeo. Tena neno hilo hutaja upande tu, wala halisemi mmea umefikaje huko.

Umefika kwa kukua. Mmea hauna msuli wala bawaba. Kwenye ncha ya mzizi mna seli zenye chembe nzito za wanga, nazo huzama kama mchanga ndani ya chupa ya maji. Ukiulaza mzizi, chembe hizo huhama na kutua upande ambao sasa ndio chini, kisha homoni iitwayo auksini hujazana upande huohuo. Katika mzizi, auksini nyingi huzuia seli kurefuka. Upande wa juu unakua kuupita wa chini, na mzizi unapinda kushuka. Katika shina mambo ni kinyume: auksini huhimiza seli zirefuke, na shina linapinda kupanda. Charles Darwin na mwanawe Francis, katika kitabu chao cha mwaka 1880, walieleza kwamba mzizi uliokatwa ncha huendelea kurefuka bila kujua chini ni wapi, mpaka uote ncha nyingine.

Hapo Kiswahili kinatania. Wenyeji hulifasiri jina la Sumbawanga kuwa ni agizo: tupa uchawi. Nasi tunaosema Kiswahili, wanga kwetu ni wachawi wa usiku, na pia ni kile kilichomo kwenye ugali. Wanga huo wa pili harage haliwezi kuutupa, maana mzizi wake ungepotea njia.

Basi napendekeza mpindio. Kama elekea ilivyozaa mwelekeo, pinda huzaa pindia, yaani kupinda kwa kufuata kitu, na pindia huzaa mpindio. Tutasema mpindio wa uvutano, mpindio wa mwanga, mpindio wa maji.

Anayeona maneno haya mawili ni mamoja aitazame alizeti kwenye mashamba ya Laela na Mpui, njia ya Tunduma. Ikiwa changa, mchana upande wa mashariki wa shina hurefuka zaidi, na kichwa huinamia magharibi. Usiku upande wa magharibi hurefuka, na kichwa hurudi kulingoja jua. Ikikomaa, ukuaji wa shina hukoma na ua hubaki limetazama mashariki kutwa nzima. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha California huko Davis walionyesha kwamba maua yanayotazama mashariki hupata joto mapema asubuhi na kutembelewa na nyuki wengi zaidi. Alizeti hiyo ina mwelekeo, lakini mpindio umekwisha.

Kifauongo nacho kisichanganywe humu. Ukigusa majani yake kutoka upande wowote, hufumba kwa namna ileile, kwa sababu maji yamehama ghafla kwenye seli za vikonyo vyake, na baada ya dakika kadhaa hufumbua. Hakikui wala hakifuati kitu. Waliokipa jina walimaliza kazi.

Weka harage ndani ya glasi juu ya pamba mbichi, lilaze, na mzizi ukishatoka uigeuze glasi kwa ubavu. Kesho yake utauona umepinda tena. Na kama wazee wa Ufipa wana neno lao la kupinda huko, tuleteeni, langu nitaliacha.