Wazee wa Januari Mosi

Pasi ya Bi Mkubwa inasema alizaliwa tarehe 1 Januari 1946. Mwenyewe anajua tu kwamba ilikuwa Pemba, msimu wa karafuu, na mama yake karibu ajifungulie juu ya jamvi la kuanikia. Karani aliyemjazia fomu alitaka tarehe, akaandika Januari mosi. Wazee wetu wengi hapa mashariki mwa London wana siku hiyohiyo kwenye karatasi zao.

Majira ya baridi ya 2024 nilikaa naye jikoni kwake, bati la biskuti lililojaa barua liko mezani baina yetu. Hita ilikuwa imezimwa, naye amejitanda khanga juu ya koti. Nilikuwa namsihi aombe Pension Credit, nyongeza anayojaziwa mzee wa Uingereza ambaye kipato chake hakifiki kiwango kilichowekwa na sheria. Alinitazama akasema, "Mwanangu, sijafika mimi kukaa mlango wa msikiti siku ya Ijumaa."

Nilifundisha historia Unguja kabla ya kuja huku, kwa hiyo nilimjibu kwa historia.

Hiyo Januari mosi ya pasi yake ndiyo siku ambayo wazee wa Uingereza walipokea pensheni ya serikali kwa mara ya kwanza, mwaka 1909. Kabla ya hapo, mzee asiye na kitu aliogopa jambo moja kuliko kifo: nyumba ya kazi ya maskini. Chini ya sheria ya 1834, huko ndani mume na mke walitenganishwa na kila mtu akavishwa sare. Makusudi yalikuwa kuifanya nyumba hiyo ichukize, ili asiingie ila aliyeshindwa kabisa. Charles Booth, aliyetembeza watu mitaa ya London kuhesabu maskini, alipigania kwa miaka mingi wazee walipwe pensheni. Sheria ikapita mwaka 1908, Asquith akiwa waziri mkuu na Lloyd George akishika hazina.

Malipo yalikuwa shilingi 5 kwa wiki, kwa aliyetimiza miaka 70. Hayakuwa ya kila mtu. Ilibidi kipato chako kisizidi pauni 21 kwa mwaka ndipo upate shilingi zote 5. Kikizidi hapo zilipunguzwa, na kikipita pauni 31 na nusu hukupata hata senti. Aliyetoka jela karibuni alikataliwa. Aliyekuwa akila msaada wa maskini naye alikataliwa mwanzoni, na hilo naliona ni ukatili, maana aliyehitaji zaidi ndiye aliyefungiwa mlango. Lakini jambo moja walilifanya vizuri sana: fedha zililipwa posta. Mzee alisimama foleni moja na anayenunua stempu, na hakuna aliyejua kafuata nini.

Ireland ndiko kisa kinakofanana na chetu. Huko uandikishaji wa vizazi vyote ulianza 1864, kwa hiyo mzee wa miaka 70 hakuwa na cheti. Basi maafisa wa pensheni wakawauliza wazee juu ya Upepo Mkubwa, dhoruba iliyoezua mapaa usiku wa tarehe 6 Januari 1839. Anayeikumbuka dhoruba, umri wake umetimia. Bi Mkubwa aliposikia hayo akaweka kikombe chini. "Kumbe na wao walihesabu kama sisi," akasema.

Nyongeza yenyewe, ile ya kumjazia mwenye pensheni ndogo, ilianza 1940, katikati ya vita. Serikali ilitazamia wazee laki kadhaa. Waliostahili wakapita milioni moja. Walikuwa wamekaa majumbani mwao na njaa, kimya, kwa kuwa miaka ya 1930 maafisa waliingia nyumbani kwa mtu na kupima mpaka kipato cha watoto wake kabla ya kumpa chochote.

Tangu hapo jina limebadilishwa mara nyingi: mwaka 1948, 1966, 1988, 1999, mpaka hili la sasa lililoanza Oktoba 2003. Kila mara walitaka kuifuta aibu. Haikufutika, na hadi leo takriban theluthi moja ya wanaostahili hawadai. Kwa maoni yangu aibu haikukaa kwenye jina. Imekaa katika kuulizwa na mtu usiyemjua kabatini mwako mna nini.

Bi Mkubwa naye alikuwa na kabati lake. Amesafisha sakafu za hospitali usiku, lakini miaka ya michango yake haikutimia, kwa hiyo pensheni yake ni ndogo. Alichokiogopa ni fedha za mchezo wa upatu anaocheza na wenzake, akidhani zikijulikana atanyang'anywa. Nilimwonyesha kwamba akiba isiyozidi pauni 10,000 haihesabiwi hata kidogo. Kiwango wakati ule kilikuwa pauni 218.15 kwa wiki kwa anayeishi peke yake. Aliyekuwa na pauni 170, kwa mfano, alijaziwa 48 na ushei. Tena mwaka ule fedha za kupashia nyumba joto walilipwa wanaopokea nyongeza hii na misaada mingine michache tu.

Alinyamaza kitambo. Kisha akafungua bati, akatoa barua yenye namba yake ya bima ya taifa, akaniambia nipige simu.

Barua ya majibu ilipofika aliniuliza amshukuru nani. Nikamwambia asimshukuru mtu, ni haki yake kwa sheria.

Wewe mwenye mama, baba au jirani mzee huku, ambaye kibali chake cha kuishi hakimzuii kupokea fedha za umma, kaa naye jikoni wiki hii, wala usingoje akuombe. Malipo hurudishwa nyuma miezi 3 tu.