Kidau cha Wino na Ufuo wa Mweru

Katika zana za mwandishi hapana iliyo ndogo kuliko kidau cha wino, na mara nyingi mambo makubwa yametoka humo. Katika karne ya 18 wafua fedha wa Ulaya walitengeneza vidau vya fahari kwa meza za wakubwa: sahani ya fedha yenye miguu, kidau cha wino, kikopo cha mchanga wa kukaushia maandishi, na tundu za kalamu za manyoya. Mwisho wa karne hiyo wakavipamba kwa mfano wa nguzo na vyombo vya Wayunani na Warumi wa kale.

Kilicho mashuhuri kuliko vingi ni kile alichokifua Philip Syng wa Philadelphia mwaka 1752. Humo, kama ilivyopokewa, zilichovywa kalamu zilizotia sahihi tangazo la uhuru wa Marekani mwaka 1776. Tangazo lile lilinena habari ya usawa wa wanadamu. Lakini utumwa haukufutwa katika nchi ile mpaka mwaka 1865.

Basi fedha ya kidau haiutakasi wino, na ushahidi wa neno hili uko pia katika ufuo wa Mweru. Waislamu waipa kalamu cheo kikubwa, hata sura ya 68 ya Kurani yaitwa kwa jina lake. Na watu wa Pwani waliofika bara katika karne ya 19 walikuja na elimu ya kuandika pamoja na nguo na bunduki zao. Mwaka 1867 Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aitwaye Tippu Tip, alimshinda Nsama, mtawala wa Watabwa, katika nchi ya Itabwa iliyo jirani na ziwa. Baadaye aliandika mwenyewe habari za maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, zikapigwa chapa mwaka 1902 na 1903. Naye akafariki Unguja mwaka 1905. Kitabu hicho ni hazina ya lugha. Hata hivyo vita ile yasimuliwa humo na mshindi. Waliotekwa hawakuwa na kalamu.

Mwaka huo huo wa 1867, mwezi wa Novemba, David Livingstone aliliona ziwa Mweru. Miaka minne baadaye, huko Nyangwe, alikuwa amekwisha kuishiwa na wino, akaandika kwa maji ya matunda juu ya gazeti kuukuu. Kwa wino huo dhaifu alishuhudia mauaji ya tarehe 15 Julai 1871, watu wa misafara ya Pwani walipowapiga bunduki watu waliokuja sokoni, wengi wao wanawake. Maandishi yakafifia yasisomeke. Lakini mwaka 2011 yalitangazwa tena, baada ya wataalamu kuyapiga picha kwa mianga ya namna nyingi.

Mwaka 1891 Waingereza walijenga boma Chienge. Kisha, tarehe 12 Mei 1894, mapatano yalitiwa sahihi Brussels baina ya Uingereza na Mfalme Leopold. Mpaka ukapitishwa majini, ukapindishwa kusini ili kisiwa cha Kilwa kiangukie upande wa Waingereza. Chienge ikawa huku, Pweto ikawa Kongo. Na wavuvi wa ng'ambo zote mbili, waliokuwa wakivuka kwa mitumbwi kama wavukao kwenda kwa jirani, hawakuwamo katika majadiliano yale.

Kwa hiyo kidau hakipimwi kwa fedha yake. Kile cha Philadelphia kiliandika usawa, na watumwa wakabaki watumwa; maji ya matunda yaliandika dhuluma, na dhuluma haikufichika. Jamii impayo mtoto wake kalamu haina budi kumfunza aandike yaliyo haki, yakiwa ya sifa kwa wazee wake au ya aibu; kwani mwenye kunyamaza huandikiwa na wengine.