Sabuni ya Mabaki: Kutoka Kyela Hadi Chumba cha Bibi Harusi



Sisi ni mafundi wa nguo za harusi, na fundi huona mengi. Bibi harusi akija kupimwa huvua buibui, nasi tukapitisha futi mgongoni na mikononi. Miaka hii tunaona nyuso nyeupe na vidole vyeusi. Tunaona mabega yaliyoungua, na wengine wakiguswa na futi tu wanashtuka. Tukiuliza, jibu ni lile lile: krimu ya kung'arisha kabla ya siku kubwa. Kwa hiyo leo tuzungumze kidogo historia ya vitu ambavyo wanawake walijisafia navyo kabla ya makopo haya, na tuianzie mbali, Kyela.

Visiwani wengi wetu tunaijua Kyela kwa mchele wake unaonukia. Wilaya hiyo iko kusini magharibi mwa Tanzania, pale Ziwa Nyasa linapoishia upande wa kaskazini, na Milima ya Livingstone inaonekana mashariki. Mvua ni nyingi, ardhi ni ya rutuba, na mbali na mpunga kuna kakao, migomba na michikichi. Sisi tulikwenda kununua mchele wa biashara, lakini kilichotusimamisha ni michikichi.

Ufuko ule si mgeni kwa watu wa pwani. Miaka ya 1880 Mlozi bin Kazbadema alikuwa na boma lake karibu na Karonga, ng'ambo ya Mto Songwe, ambako leo ni Malawi, akifanya biashara ya pembe na watumwa mpaka Waingereza walipomnyonga mwaka 1895. Ni historia chungu na hatuifichi. Kabla ya hapo, mwaka 1879, msafiri Mskochi Joseph Thomson alifika kaskazini mwa ziwa akavutiwa na migomba na usafi wa vijiji vya huko. Usafi wa watu wale haukungoja sabuni ya dukani.

Tulikaa na mama mmoja siku nzima tukimtazama anavyokamua mawese. Mikungu ya michikichi hukatwa, ngazi zake, ndiyo matunda, zikapukuchuliwa na kuchemshwa kwenye pipa. Kisha hutwangwa au kutiwa kwenye mashine ya kukamulia, na mafuta yanayotoka huchemshwa tena ili maji yaishe. Hayo ndiyo mawese mekundu. Pembeni likabaki rundo la mikungu mitupu, nyuzi na kokwa ngumu. Tukauliza takataka zile zinatupwa wapi. Mama akacheka: "Wanangu, hapo ndipo sabuni ilipo."

Tukaanza kuelewa. Zile nyuzi bado zina mafuta kidogo, kwa hiyo ndizo zinazowasha moto wa pipa linalofuata. Na mafuta hayo yaliyobaki yana karotini nyingi kuliko hata mawese yenyewe. Karotini ndiyo ile rangi nyekundu ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, vitamini ya macho na ya kinga.

Kokwa huanikwa, zikapasuliwa, na ndani yake mna mise. Mise ikikaangwa na kukamuliwa hutoa mafuta meusi ambayo kinamama hupaka nywele na ngozi kavu. Karibu nusu ya mafuta ya mise ni asidi ya lauriki, kama yalivyo mafuta yetu ya nazi. Ndiyo sababu sabuni ya mise hutoa povu zuri kama sabuni ya nazi. Mashudu yanayobaki huliwa na mifugo.

Mikungu mitupu nayo huchomwa. Majivu yake yana potashi nyingi. Ukipitisha maji taratibu katika majivu hayo unapata maji makali, na ukiyachemsha pamoja na mafuta unapata sabuni laini, yenye rangi ya giza. Hakuna kilichotupwa.

Elimu hii haikuwa ya mahali pamoja. Asili ya mchikichi ni Afrika Magharibi, na Burton alipofika Ujiji mwaka 1858 alikuta mawese yakiuzwa sokoni. Kule Nablus, Palestina, watu wa zaituni walifanya vivyo hivyo: mafuta yakawa sabuni, mashudu yakawa kuni za kuichemshia, na magadi yakatoka kwenye majivu ya mimea. Mwaka 2024 UNESCO iliiweka sabuni ya Nablus katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Na sasa wataalamu wanayarudia hata maji machungu yanayobaki zaituni ikikamuliwa, wakitoa humo haidroksitairosoli, kinga ile ile ambayo Umoja wa Ulaya mwaka 2012 ulikubali kuwa, ikiwa ndani ya mafuta ya zaituni, husaidia kulinda mafuta ya kwenye damu yasiharibike. Mti uliotajwa katika Surat An-Nur una faida mpaka kwenye makapi yake.

Basi sisi tulipotea wapi? Tulipoanza kuuza malighafi na kununua povu. Ufaransa ilifunga mkataba na Sultani wa Zanzibar mwaka 1844, na ufuta na mbata za pwani zikapakiwa kwenda Marseille kwenye viwanda vya sabuni. Mwaka 1884 William Lever alianza kuuza sabuni ya Sunlight Uingereza, na mwaka 1911 alipewa maeneo makubwa ya michikichi Kongo. Mise iliyokuwa mabaki ya mama jikoni ikawa mali ya meli. Sabuni ya kiwandani haina ubaya, hata sisi tunaitumia. Ubaya ni kwamba tulijifunza kudharau cha nyumbani, na baada ya sabuni zikaja krimu.

Dada zetu, hapa tuwe wakweli. Krimu nyingi za kung'arisha zimekutwa na zebaki au haidrokwinoni. Zebaki hupenya ngozini ikaharibu figo na mishipa ya fahamu, na mama mjamzito humfikishia mtoto aliye tumboni. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja katika milioni, na Tanzania imezipiga marufuku krimu hizo. Bado zinauzwa kwa siri. Bibi harusi anajipaka wiki tatu ili apendeze siku moja, kisha anaanza ndoa na figo zinazougua.

Hatusemi mise ni dawa ya kila kitu. Sabuni ya mabaki inaondoa uchafu na vijidudu, na mafuta yake yanalainisha ngozi. Haing'arishi mtu wala haitibu fangasi. Maji ya majivu yanaunguza, na soda kostiki zaidi, kwa hiyo usijaribu bila mtu anayejua. Sabuni ya mche iache wiki nne ikomae. Jaribu kwanza kidogo mkononi. Usiitie sehemu za siri kwa ndani, maji safi kwa nje yanatosha. Na mtoto akishikwa na degedege, asipakwe wala kunyweshwa mafuta, apelekwe hospitali.

Na sisi wa visiwani tusisahau mabaki yetu. Ukishakamua tui, chicha inabaki. Bibi zetu walijisugulia chicha, kisha somo akaja na singo: asumini, mlangilangi, liwa na waridi. Ngozi ilitoka laini na rangi ikabaki ile ile aliyotujaalia Mwenyezi Mungu.

Mwezi uliopita alikuja binti kupimwa gauni la nikaha, mikono imebabuka. Tulimpeleka kwa daktari wa ngozi kwanza. Gauni tulilishona la mikono mirefu na lenye nafasi, lisimkwaruze. Alipokuja kulichukua alituambia krimu ameitupa. Tukampa mche mmoja wa sabuni ya Kyela, zawadi, autumie daktari akimruhusu.

Mwenyezi Mungu awape maharusi wetu afya na ndoa zenye kheri. Amin.